Adui Namba Moja Ana Mashine Kumi na Mbili

Jina la nchi yetu silitaji. Sheria mpya ya Usalama inakataza kulitaja bila kibali, na kibali nimeshaomba. Fomu zangu ziko mezani kwa ofisa mmoja ambaye hajaonekana ofisini tangu ateuliwe. Itoshe kusema ni nchi nzuri. Ina bendera, ina mto mkubwa uitwao Luhembe, ina daraja moja tu juu ya mto huo, na tangu mwezi wa tatu ina serikali mpya. Upande wa pili wa daraja kuna nchi nyingine, ambayo sisi tunaiita Ng'ambo, maana jina lake nalo linahitaji kibali.

Mimi ni mwandishi wa vikao vya Baraza la Usalama wa Taifa. Kazi yangu ni kuandika yaliyosemwa, kisha kuyaandika upya yawe yale yaliyopaswa kusemwa. Ninaipenda kazi hii na ninaipenda serikali. Atakayesoma hapa chini akadhani vingine, ajue tatizo ni la macho yake.

Serikali mpya iliingia kwa kishindo. Rais wetu, Mheshimiwa Zephania Lukwaro, alisema siku ya kuapishwa kwamba serikali iliyopita haikuwa na sera ya nje, ilikuwa na safari za nje, na kwamba yeye analeta sera. Siku tatu baadaye alisafiri kwenda nje kuitafuta.

Sasa, kwetu kuna utaratibu ambao wageni hawaujui, nao ni Daftari la Pongezi. Kiongozi akiapishwa, Wizara ya Mambo ya Nje hufungua daftari kubwa la jalada la kijani, na kila nchi inayoleta salamu za pongezi huandikwa kwa mpangilio wa kufika. Aliyewahi ni ndugu. Anayefuata ni rafiki. Wa alasiri ni mtu wa kujuana naye tu. Saa kumi na mbili jioni daftari hufungwa kwa lakiri, na jirani ambaye hajaandikwa ni adui, hakuna rufaa. Utaratibu huu tunao tangu uhuru, na uzuri wake ni kwamba umetuondolea haja ya kufikiri.

Siku ya kuapishwa, Waziri wa Mambo ya Nje na Usalama, Mheshimiwa Ladislaus Mpangala, aliamuru daraja la Luhembe lifungwe tangu alfajiri hadi jioni, ili sherehe iwe salama. (Zamani hizo zilikuwa wizara mbili. Ziliunganishwa baada ya kugundulika kwamba wageni na washukiwa ni watu walewale.) Saa moja asubuhi mjumbe wa Ng'ambo akafika darajani. Alikuwa amevaa suti, ana barua ya pongezi ndani ya bahasha nyeupe, na anamvuta mbuzi mwenye utepe shingoni.

"Leo haingii mtu, mzee," askari akamwambia. "Kuna sherehe."

"Lakini mimi ndiye mgeni wa sherehe yenyewe."

"Basi pole sana. Rudi kesho."

Alikaa pale juani mpaka jioni, akarudi tena kesho yake. Mbuzi alipokelewa. Barua haikupokelewa, kwa sababu daftari lilikuwa limeshafungwa.

*

Kikao cha kwanza cha Baraza kilikuwa na ajenda moja: vipaumbele vya sera ya nje na usalama wa taifa kwa serikali mpya. Washauri walikuwa wameandaa Mkakati wa kurasa mia nne, karatasi ya kung'aa, picha za rangi, Rais akiwa kwenye mia na sabini kati ya kurasa hizo. Ukurasa mmoja tu ulikuwa na nafasi tupu. Uliandikwa juu yake: Adui Namba Moja.

"Ndugu zangu," alisema Rais, na hapa naandika kama alivyosema, "dunia inatutazama. Dunia ikitutazama, nasi lazima tuwe na kitu cha kutazama. Siwezi kuliongoza taifa zima kwa ukurasa ulio wazi. Jenerali, tuna adui au hatuna?"

Jenerali Wolfram Chitanda, mkuu wa majeshi, alisimama. Ni mtu mnyofu, asiyependa maneno mengi. "Jeshi lipo tayari, Mheshimiwa Rais. Tunasubiri tuonyeshwe."

Waziri Mpangala akalifungua Daftari la Pongezi kwa vidole viwili, akatembeza macho kutoka juu mpaka chini, akalifunga. "Ng'ambo hawamo," akasema kwa huzuni kubwa.

Nikanyoosha mkono. Sijui nilipatwa na nini. Nikasema kwamba mjumbe wa Ng'ambo alifika mapema kuliko wote, ila sisi wenyewe ndio tuliofunga daraja, na kwamba wajumbe waheshimiwa mchana ule walikuwa wamekula supu ya mbuzi wake.

Waziri akanigeukia.

"Ndugu mwandishi, wewe kazi yako kuandika au kusema?"

"Kuandika, Mheshimiwa."

"Haya, andika."

Nikaandika. Kipaumbele cha kwanza: kujilinda na Ng'ambo. Kipaumbele cha pili: kuwafuatilia wanaouliza kwa nini Ng'ambo. Kipaumbele cha tatu kiliachwa kwa wafadhili. Daraja likafungwa kuanzia siku hiyo, na mwananchi yeyote akakatazwa kuvuka isipokuwa kwa kazi maalumu ya taifa.

*

Wiki hiyo hiyo alikuja ofisini kwangu Mwalimu Skolastika Nandonde. Alinifundisha darasa la nne, na hata ukubwani nilikuwa nikimwona naficha kucha zangu. Alikuwa amebeba mfuko wa kitambaa wenye kanga, chupa ya chai na rozari.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Niambie, hili daraja mnalifungua lini?"

Nikamweleza habari ya Mkakati. Akanisikiliza kama anavyosikiliza mtoto aliyekuja bila daftari.

Figo zake zilikufa miaka miwili iliyopita. Mara tatu kwa wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, alikuwa akivuka daraja kwa miguu kwenda hospitali ya Ng'ambo, analazwa kwa muda wa saa nne kwenye mashine inayoichuja damu yake, kisha anarudi nyumbani kupika. Sisi wenyewe tunayo mashine moja kwenye hospitali kuu. Ilizinduliwa na serikali iliyopita, ikazinduliwa tena na hii, na haijawahi kuwashwa, kwa sababu kibao cha uzinduzi wa pili kimepigiliwa juu ya soketi. Fundi anasema kibao kina jina la Rais na yeye ana watoto wa kusomesha.

"Bila mashine nina wiki moja," alisema Mwalimu. "Zikizidi sana ni siku kumi. Silii, nakueleza tu hesabu."

Nilimpeleka kwa Waziri. Mheshimiwa Mpangala alimpokea vizuri, akasimama, akamvutia kiti. Ana kawaida ya kuvaa shati la mikono mirefu hata kwenye joto. Mwalimu alimtazama mkono wa kushoto, pale shati lilipokuwa limebana mno.

"Mwalimu, serikali hii inawajali wazee," alisema Waziri. "Lakini nikikuruhusu wewe kuvuka kwa sababu ya ugonjwa, kesho watakuja wagonjwa wote. Hapo usalama uko wapi? Anavuka mwenye kazi maalumu ya taifa tu." Akafikiri. Akafurahi ghafla. "Unakaa huko kwa saa ngapi?"

"Saa nne, baba. Nimelala."

"Ndani kabisa ya eneo la adui?"

"Wodi ya chini, karibu na jiko."

Ndivyo Mwalimu Skolastika Nandonde, umri miaka sitini na minane, alivyokuwa jasusi wa kwanza wa serikali mpya. Alipewa kitambulisho, alipewa kofia, aliapishwa. Kila safari moja atoe taarifa moja, na taarifa hizo nizipokee mimi. Askari wa darajani wakaamriwa kumpigia saluti. Mwalimu aliniambia saluti zinamchosha lakini bora kuvuka.

*

Alikuwa jasusi mwaminifu, na huo ndio ulikuwa msiba. Hakujua kudanganya; alituchapa miaka mingi kwa ajili hiyo. Taarifa yake ya kwanza ilisema: "Nimefika salama. Nesi Rehani ameuliza kwa nini sikuja Alhamisi. Wametupa chai na mkate. Mashine ni kumi na mbili, zote nzima. Kila mgonjwa anaunganishwa kwa mirija miwili, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Mungu awabariki."

Taarifa hiyo ilipanda kwa wachambuzi, wakaichambua. Ilipanda kwa wakurugenzi, wakaifupisha. Ilipofika mezani kwa Baraza, wiki ya tano, ilikuwa na mstari mmoja: Adui ana mitambo kumi na miwili ya kutoa damu za watu, na raia wetu wameshaanza kuunganishwa.

Sitasahau uso wa Jenerali. "Kumi na miwili," alirudia. "Na sisi tunayo mingapi?"

"Mmoja, Jenerali," nikajibu. "Upo nyuma ya kibao."

Waziri Mpangala hakuwepo. Tangu kile kikao cha kwanza Baraza hukutana kila Jumanne, na kila Jumanne Waziri huwa na udhuru. Barua yake husema yuko safarini kwa mashauriano ya kimkakati. Rais humsifia sana kwa hilo. "Huyu bwana hapumziki," husema.

Basi, bila Waziri, mambo yalikwenda haraka. Jenerali alitandika ramani. Alitaka mizinga sita ipangwe kwenye kilima cha upande wetu, na Alhamisi ya wiki inayofuata, saa nne asubuhi, mitambo yote ikiwa inafanya kazi, ipigwe mpaka ibaki vumbi. Mjumbe mmoja aliuliza kama watu watakaokuwa wameunganishwa nayo hawatadhurika. Jenerali alisema hilo limezingatiwa, wataitwa mashujaa.

Rais alisimama kufunga kikao. "Historia haitatusamehe tukikaa kimya huku jirani anajilimbikizia mashine," alisema. "Sisi ni taifa la amani. Tutapiga mara moja tu." Kisha akaagiza jasusi wetu apewe kazi ya mwisho: aandike majina ya raia wetu wote wanaolala kwenye mashine za adui, ili ijulikane mapema nani ni msaliti.

Wakapiga makofi. Nikaandika "makofi". Nasema wazi, mpenzi msomaji, nilikuwa na hasira.

*

Kumwambia jasusi siri ya Baraza ni kosa la kifungo cha maisha. Nilikwenda nyumbani kwake Jumapili baada ya misa. Alikuwa anachambua mchele, miguu imevimba kidogo, ameiweka juu ya kigoda.

"Mwalimu, Alhamisi usiende hospitali."

"Kuna nini Alhamisi?"

Nikamweleza yote: ramani, mizinga, saa nne asubuhi. Hakuacha kuchambua mchele.

"Nikienda nakufa Alhamisi," alisema. "Nisipoenda, na mashine zimevunjwa, nakufa wiki inayofuata. Umetoka mjini kote huko kuniletea wiki moja, mwanangu?"

Nikaanza kumsaidia kuchambua.

"Na yule binti wa kitanda cha nane, ana mtoto ananyonya. Naye mmempangia mizinga?"

"Si mimi, mwalimu. Mimi mwandishi tu."

"Nyote waandishi tu." Akakung'uta ungo. "Wamesema wanataka majina?"

"Ndiyo. Raia wetu wote unaolazwa nao."

"Yote? Hawakusema nibakize?"

"Yote."

"Nipe karatasi," akasema. "Na kalamu ya wino, hiyo ya risasi inafutika."

Aliandika kwa mwandiko uleule wa ubaoni, herufi zimesimama, hakuna iliyolala. Alipomaliza aliikunja, akanipa, akaniambia niisome mbele za watu na nisimeze maneno.

*

Jumatatu kiliitwa kikao cha dharura. Wajumbe wote walikuwepo, na Waziri Mpangala alikuwepo, maana haikuwa Jumanne. Alikuwa ndiyo kwanza anaonyeshwa ramani ya Jenerali. Aliitazama hospitali iliyozungushiwa duara jekundu, akafungua kifungo cha shingo.

"Msomee Mheshimiwa Waziri orodha ya wasaliti," Rais akaniambia. "Tuanze wiki vizuri."

Nikasimama. Nikasoma.

"Taarifa ya Skolastika Nandonde. Raia wa kwetu niliowaona kwa macho yangu katika wodi ya mashine, Ng'ambo, ni hawa. Kitanda cha tano: mama mkwe wa Mheshimiwa Rais, ambaye huletwa kwa gari lenye pazia. Kitanda cha tisa: kaka yake Jenerali Chitanda, anaendelea vizuri, anapenda utani. Kitanda cha kumi na moja: mimi mwenyewe. Kitanda cha pili, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa tatu hadi saa saba: Mheshimiwa Ladislaus Mpangala, Waziri wa Mambo ya Nje na Usalama. Anavushwa kwa helikopta ya mashauriano. Mshipa wake wa kuunganishia mirija uko mkono wa kushoto kama wangu. Ni mgonjwa mwenzangu na namwombea."

Jenerali alikuwa anaitazama mizinga yake sita kwenye ramani kama mtu aliyeamka akakuta yuko uchi. Rais aliomba maji. Waziri Mpangala ndiye aliyezungumza kwanza, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wengine ni mawaziri na wengine ni waandishi.

"Mheshimiwa Rais," alisema kwa utulivu, "taarifa hii ni ushahidi kwamba mashauriano yangu yamefaulu. Ninaomba Ng'ambo ipandishwe kutoka Adui Namba Moja kuwa Rafiki wa Kimkakati wa Ngazi ya Juu."

Ilipita kwa sauti moja. Mizinga ikateremshwa kilimani. Nilitoka kwenye kikao kile nikitaka kucheka barabarani. Bibi mmoja mgonjwa, kwa karatasi moja ya daftari, alikuwa ameinusuru hospitali nzima, na binti wa kitanda cha nane angemnyonyesha mwanawe Alhamisi kama kawaida. Niliamini wema umeshinda. Mimi ni mtu wa kuamini haraka.

Kulikuwa na maelezo ya utekelezaji. Urafiki wa Ngazi ya Juu ni kwa ajili ya watu wa ngazi ya juu. Kwa waheshimiwa na familia zao daraja lilifunguliwa, kwa kadi yenye nembo ya dhahabu. Kwa wananchi liliendelea kufungwa, kwa sababu Mkakati ulishachapwa, na nakala zote za rangi zinasema Ng'ambo ni adui. Huwezi kuliambia taifa kitu kingine baada ya gharama hiyo. Na kwa kuwa nchi yetu ni ya heshima na haifanyi ujasusi dhidi ya rafiki, kazi ya jasusi ilifutwa siku hiyohiyo.

Barua ya kumwachisha niliandika mimi. Ilimshukuru kwa utumishi uliotukuka. Ilimwomba arudishe kitambulisho na kofia.

Nilikwenda kwa Waziri, nikampigia magoti, sioni aibu kulisema. Nikamwambia ampe Mwalimu kadi moja tu. Akanihurumia. "Ndugu mwandishi, unajua nampenda yule mama. Lakini kadi ni za ngazi ya juu. Nikimpa mwalimu wa shule ya msingi, itifaki itabaki wapi?"

*

Jumanne Mwalimu alikwenda darajani hata hivyo. Nilikuwa nimembebea mfuko. Askari yuleyule aliyempigia saluti wiki sita alitazama chini.

"Mama, leo huna kazi maalumu."

"Nina kazi ya kuishi, baba."

"Hiyo haimo kwenye orodha, mama. Nisamehe."

Tukasimama kando ya kizuizi. Likaja gari jeusi, kizuizi kikainuka kabla halijapunguza mwendo. Kisha likasimama, kioo cha nyuma kikateremka. Alikuwa Waziri Mpangala. Siku hizi hahitaji helikopta.

"Mwalimu! Habari za siku? Mbona umesimama juani? Unaumwa?"

"Naumwa unachoumwa wewe, Mheshimiwa."

Waziri akacheka kwa upole, akauinua mkono wake wa kushoto, shati limekunjwa mpaka kiwikoni, mbele ya watu wote, maana sasa si siri tena.

"Basi usihofu, mama yangu. Si ugonjwa wa kutisha huu. Mbona mimi naendelea vizuri?"

Kioo kikapanda. Gari likavuka.

Tulirudi Alhamisi, tukarudi Jumamosi, nikiwa nimemkalisha kwenye kiti cha magurudumu cha parokia. Jumatatu alishindwa kutamka jina langu. Alifariki Jumanne, saa nne asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wangu, na mkono ule ulikuwa umevimba kiasi kwamba pete haikutoka.

Tulimzika Alhamisi. Serikali ilituma shada la maua. Mheshimiwa Waziri hakuweza kufika, ilikuwa zamu yake. Alituma salamu za rambirambi kwa simu kutoka kitanda cha pili, na mshereheshaji akazisoma kaburini kwa kipaza sauti. Zilisema Mwalimu Skolastika Nandonde ameondoka wakati taifa likimhitaji, na kwamba serikali ilifanya kila lililowezekana.